Maji Aliyoyakataa Isakwisa

"Kunywa, Isakwisa."

Kristiana alimsogezea mchumba wake kikombe. Hakukigusa.

"Sina kiu."

"Tangu Krismasi huna kiu? Kila ukija unabeba maji yako kutoka mjini. Mama alidhani unatuona wachafu. Tumemzika akiamini hivyo."

Isakwisa akainamisha kichwa. Alikuwa kijana wa Mbeya, fundi wa maabara kwenye mradi wa kutafuta madini, Sumbawanga mjini. Mwaka jana alichota maji ya kisima cha kijiji hiki, huku bondeni mbele ya Ilemba, yakapelekwa ng'ambo kupimwa. Ndipo wakafahamiana.

"Kristiana, kisima chenu kina urani. Madini yenye mionzi."

"Nani kasema?"

"Kule ng'ambo wana mwanga unaoitwa leza. Unazichagua chembe za urani peke yake, kisha mashine inazipima uzito. Hata ziwe chache kiasi gani, inaziona. Zenu hazikuwa chache."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Mama alianza kuvimba miguu Januari. Daktari akasema figo. Ukaja kumwona, ukamletea sukari."

"Bosi alitukataza kusema. Alisema serikali imewahamishia watu hapa juzi tu, tutazua fujo. Niliogopa kupoteza kazi, mpenzi. Na sijui kama ni maji yaliyomuua. Hakuna anayejua."

"Lakini wewe hukuyanywa."

Isakwisa alilia. Kristiana hakulia. Alitoka, akagonga rimu la trekta lililoning'inia penye ofisi ya kijiji mpaka watu wakaja mbio kutoka mashambani, baba yake, mzee Evaristi, akiwa mbele.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Baba, mkweo ana neno. Mwache aseme mbele ya wote."

Isakwisa akasema yote. Mwanamke mmoja mjamzito alikaa chini kwenye vumbi. Jioni hiyohiyo kisima kilifukiwa, na wanawake wakaanza kufuata maji mtoni, mbali.

Mradi ulimfukuza Isakwisa. Alirudi kijijini na sururu begani, akamkuta Kristiana akipepeta ulezi.

"Nimekuja kuchimba kisima kingine, upande wa juu. Mzee ameniruhusu."

"Chimba. Watu wanahitaji maji."

"Na sisi?"

Kristiana aliuweka ungo chini.

"Baba anatafuta ng'ombe wa kurudisha mahari yenu. Mimi ningekubali kufa nawe, Isakwisa. Wewe ulikubali nife peke yangu."

Akaokota ungo, akaendelea kupepeta.