Mdomo Wake Mwenyewe

Jumatano, soko la wanawake la Ibra, Oman, halimpokei mwanamume hata kama ni mchukuzi wa kikapu cha bibi yake. Ndiyo maana Hazim alikuwa langoni akimngoja bibi yake, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa, Kuruthum alipotoka ananukia udi, midomo ikimcheza: "I bring. I take."

"Unamsomea nani uganga, dada?" akauliza kwa Kiswahili alichofunzwa na bibi yake.

"Nausomea ulimi wangu. Wewe usikilizaye ya watu, Kiingereza unakijua?"

Alikijua, akawa mwalimu wake kwa njia ya simu. Kuruthum, mtumishi wa nyumbani kutoka Tanga, alikuwa amebakiza wiki tatu za mkataba, na moyo wake ulikuwa kwenye kazi ya kupokea wageni katika kambi moja ya jangwani, Al Mintirib. Akifungua friji, alitamka "open". Akichemsha maji, alirekodi: "I do tea."

"Make, habibti."

"Na moyo wangu, umeufanyaje?"

"Hilo si somo la leo."

Siku ya usaili Hazim alimpeleka kwa gari, bibi yake, Bi Hamda, akiwa kiti cha nyuma. Hazim akaingia naye ofisini. Meneja, Bi Wasan, akauliza kwa Kiingereza: mgeni akifika amechoka, utafanya nini?

"I bring water. I..." Kuruthum akatua, akilitafuta neno.

Hazim hakustahimili. Alilimalizia jibu hilo, la pili akalijibu yeye, na la tatu, sawasawa na waajiri wa Kuruthum waliozoea kumsemea hospitalini na maofisini.

Bi Wasan akafunga faili. "Wewe nimekusikia. Yeye sijamsikia."

"Nilikuwa nakusaidia!" Hazim akalalamika walipotoka nje.

"Miaka minne watu wananisaidia kunyamaza. Nilidhani wewe si mmoja wao."

Simu za Hazim, Kuruthum hakuzipokea. Siku ya nne yeye mwenyewe alimpigia Bi Wasan, akarudi kambini peke yake, akakosea mara mbili, akajisahihisha mara moja, akapewa kazi.

Jumatano iliyofuata Hazim alikuwa langoni tena, juani, na Bi Hamda. Kuruthum alimwona, akaendelea kununua mpaka kikapu kikajaa, ndipo akatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu wangu anataka..."

"Niwie radhi, bibi. Ana mdomo."

Bi Hamda akaangua kicheko. "Haya, sema mwenyewe, baba!"

Jasho likamtiririka Hazim. "Nilikosa, Kuruthum. Nataka kukuoa. Ukiridhia, nitakwenda Tanga kwa baba yako."

"Kwetu," Bi Hamda akamnong'oneza binti, "mwari akinyamaza, tumejua karidhia."

"Basi mimi sinyamazi." Kuruthum akaweka kikapu chini, akainua uso. "Hazim. I..."

Akatua. Neno lilikuwa mbali. Wanunuzi wawili wakasimama kutazama. Midomo ya Hazim ikatetemeka, akaiuma, akangoja.

"I choose you," Kuruthum akasema. Kitenzi hicho Hazim hakuwa amemfundisha. "Na kazi siiachi."