Nani Alikata Bomba la Nyumba ya Kona?

Saa moja asubuhi, mwashi alipofungua mlango wa mbele wa nyumba ya kona, maji yalimwagikia miguuni mwake. Dari jipya la sebuleni lilikuwa limelala sakafuni vipande vipande, na plasta ya juzi ilikuwa ikibanduka ukutani. Alipiga yowe lililowatoa watu majumbani na miswaki midomoni.

Kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa mahame, popo darini, majani kiunoni na wezi wakijificha ndani. Mwaka huu wakazi wa mtaa walijifunga kibwebwe kuifufua iwe shule ya chekechea. Mchana huohuo ofisa wa manispaa angekuja kuikagua. Akiridhika, angewakabidhi nyumba; asiporidhika, tingatinga lingeibomoa.

Wa kwanza kulaumiwa walikuwa vijana wa kijiweni, waliokuwa wakivutia bangi humo kabla ya kutolewa. Kiongozi wao, Mrefu, alikuwa ameshakabwa ukosi alipofika Afande, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati. Alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Mwachieni," alisema. "Mwenye ushahidi aseme. Mwenye hasira akanawe uso."

"Mama, wallahi, mchanga wa nyumba hii nimeubeba kwa mgongo wangu," Mrefu alisema. "Nibomoe kazi yangu mwenyewe?"

Afande alipanda ngazi, akachungulia juu ya dari. Bomba la kutoka kwenye tangi lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma, mkato ulionyooka kabisa. Alishuka, akapita kichochoro chembamba hadi mlango wa nyuma. Ulikuwa wa kijani, na kiganja cha mtu kilikuwa kimeiburuza rangi ilipokuwa mbichi.

Akamwita fundi rangi. "Mlango huu umeupaka lini?"

"Jana magharibi, Afande, wenzangu walipokwisha kuondoka. Rangi ilibaki, nikasema niupendezeshe. Nikaurudishia tu bila kuufunga, usije ukagandana na fremu."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Nilitaka muushangae leo."

"Basi simama hapa kichochoroni. Mtu asipite."

Upande wa pili, nyuma ya mabati marefu kuliko mtu, kulikuwa na gereji ya Spana, mdogo wa marehemu mume wa Afande. Ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi.

"Shemeji, jana ulisikia lolote?" Afande alimuuliza alipoingia gerejini.

"Shemeji yangu, mgongo umenilaza. Tangu Jumapili sijakanyaga huko kwenu. Lakini mnahangaika bure, ni genge la Mrefu. Wamesukuma ule mlango wa kijani wa nyuma wakajiingilia."

Afande alitazama pembeni ili uso usimsaliti, na hapo akaliona: nyuma ya magari mabovu, ndani kabisa ya gereji, lilichomoza jiwe la mpaka la nyumba ya kona.

"Niazime msumeno wa chuma," alisema, akiutungua ukutani. "Tuna bomba la kuunganisha."

Hadi saa nane mtaa mzima ulikuwa umeingia kazini. Akina mama walisukuma maji kwa mafagio, mwashi alikwangua plasta iliyolowa, na Mrefu alitoa kifusi kwa toroli bila kumtazama mtu usoni. Ofisa alipofika tu, Spana alijitokeza mbele.

"Mheshimiwa, nyumba imeoza hii. Itaua watoto wa watu. Ibomolewe."

"Shemeji," Afande alimkatiza, "mwambie ofisa wahalifu waliingilia wapi."

"Si nimekwambia? Mlango wa nyuma, ule wa kijani!"

Mwashi alikunja uso. "Wa kijani upi? Mlango wa nyuma ni wa kahawia."

Afande aliwaongoza kichochoroni, akawaonyesha mlango.

"Umepakwa jana magharibi, na aliyejua ni fundi rangi peke yake. Na aliyeusukuma aliukuta ungali mbichi." Aliinua msumeno. Kwenye mfereji wa skrubu ya mpini kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kijani. "Huu ni wako, Spana."

Spana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nyumba ikifufuka, ua unarudi kwenye mpaka wake. Nusu ya gereji yangu inakwenda. Niwapeleke wapi mafundi wangu?"

"Ungekuja kamatini tukazungumza. Wewe ukawaacha watu wamuue Mrefu." Machozi yalimlenga, lakini sauti haikutetereka. "Polisi nimewaita mimi mwenyewe, shemeji. Wako nje."

Polisi walipomwondoa Spana, mzee mmoja aliyemkaba Mrefu asubuhi alimshika kijana huyo mkono. "Mwanangu, nimekukosea."

"Yameisha, baba," Mrefu alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Ofisa alizunguka vyumba vyote. Aligonga kuta, akapima nguzo, akapanda ngazi mwenyewe.

"Dari litarudishwa," alisema hatimaye. "Kuta ni imara kuliko za ofisini kwangu. Chukueni nyumba yenu."

Vigelegele vilipasua mtaa. Mrefu na wenzake waliyavamia mabati ya gereji, wakayang'oa moja baada ya jingine, na ua ukafunguka mpana, jua likiingia mpaka ukutani.

"Afande," mtu aliita, "na lile gofu la nyuma ya sokoni?"

Afande alikunja mikono ya gauni lake. "Kesho asubuhi. Njooni na majembe."