Mkono wa Kinyozi Nehemia

Nehemia ni kinyozi wa Kigombe. Kibanda chake kiko karibu na soko la samaki. Wengine huenda kunyoa, wengine huenda kucheka tu. Nehemia ana maneno. Akikunyoa, unasahau hata njaa.

Mkewe, Ruthi, hupika vitumbua mbele ya nyumba yao. Wana binti mmoja, Brightness, aliye darasa la nne.

Nehemia alipenda tembo la mnazi. Mwanzo alikunywa Jumapili, baada ya ibada. Kisha akawa anakunywa kila jioni. Mwisho akawa anakunywa asubuhi, kabla ya kushika mashine. Asipokunywa, mikono ilitetemeka.

"Hii ni dawa ya mkono," alimwambia Ruthi.

"Dawa gani hiyo? Kila mwezi unaongeza, na mgonjwa haponi!"

Asubuhi moja mgema hakuleta tembo. Mzee Uweso akaja kutengenezwa ndevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitengeneze vizuri. Leo naenda Tanga kwa wakwe."

Nehemia akashika wembe. Upande wa kulia ulikwenda salama. Upande wa kushoto mkono ukaruka. Shavu likachanika kidogo, na nusu ya ndevu ikaenda na wembe.

Mzee Uweso akajitazama kwenye kioo. "Mwanangu," akasema, "leo wanyoa ama wachinja?"

Alikwenda kwa wakwe amejifunga kitambaa usoni, kama mwenye jino bovu. Soko zima likacheka. Nehemia naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani, akaitazama mikono yake. Machozi yakamtoka.

"Mama Brightness, naacha pombe. Leo hii."

Ruthi alifurahi. Akamwita Manase, mdogo wake Nehemia, aje kusaidia.

"Dawa ya pombe ni kufuli," Manase akasema. "Kaka, tutakufungia chumbani. Utatoka hamu ikiisha."

"Nifungieni," Nehemia akakubali. "Nikipiga kelele, msinisikilize."

Basi wakamfungia. Jioni jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Chakula hakikupita. Kesho yake alitetemeka mwili mzima. Mchana akaanza kupiga ukuta kwa kandambili.

"Siafu! Ruthi, ukuta umejaa siafu!"

Ruthi akachungulia dirishani. Hapakuwa na siafu hata mmoja.

"Anaigiza," Manase akasema. "Anataka tumfungulie akanywe."

"Huyu ana mashetani," Ruthi akasema kwa hofu. Akakimbia kwa jirani yake, Beatrisi, mhudumu wa afya ya jamii. Beatrisi alikuwa anakuna nazi. Aliposikia habari za siafu, aliiacha mbuzi hapo hapo, akaja na mikono yenye nazi.

"Fungueni mlango," akasema.

"Dada, lakini yeye mwenyewe alituambia…" Manase akaanza.

"Fungua, shemeji. Hana mashetani, wala haigizi. Amekunywa kila siku kwa muda mrefu. Mwili wake umezoea pombe. Ukiikata ghafla, mwili unashtuka. Mtu anatetemeka, anaona visivyokuwapo. Anaweza kushikwa na degedege. Anaweza hata kufa."

Manase akautoa ufunguo, akafungua mlango.

"Sasa tumpe tembo kidogo?" Ruthi akauliza.

"Tumpeleke hospitali. Sasa hivi. Huko kuna dawa za kuutuliza mwili. Manase, tafuta bajaji."

Njiani Nehemia alimshika mkewe mkono. "Ruthi, nimekuwa mwendawazimu?"

"Hapana, Baba Brightness. Unaumwa. Tunakwenda kutibiwa."

Hospitali walimlaza. Daktari alimpa dawa za kutuliza mwili, akazipunguza polepole. Alimpa pia vitamini na maji. Siafu wakatoweka. Usingizi ukarudi. Asubuhi moja Nehemia alimaliza uji wake, akauliza kama mgonjwa wa kitanda cha pili ataumaliza wa kwake. Ruthi alicheka hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Kabla hawajaondoka, daktari alizungumza nao wote.

"Mwili umetulia. Sasa kazi imebaki kichwani. Uraibu ni ugonjwa. Mtu hauchagui, ila anaweza kuchagua kutibiwa. Nehemia, utarudi kliniki kuzungumza na mshauri. Nanyi wa nyumbani, msimtukane, msimfungie, na msimpe pombe."

"Je, nikitamani kunywa?" Nehemia akauliza.

"Utatamani. Hamu huja kama wimbi, kisha hupita. Ikija, tafuta mtu uzungumze naye. Kula, kunywa maji, fanya kazi. Na usipite panapouzwa pombe."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu, maana kilabu cha pombe kilikuwa njiani kwenda kibandani. Nehemia akaanza kuzunguka kwa nyuma ya shule. Njia hiyo ni ndefu na ina matope. Watoto walimzoea, wakamwimbia, "Kinyozi wa matope!" Naye akawaitikia.

Miezi ikapita vizuri. Kisha timu ya kijiji ikashinda, vijana wakamvuta kusherehekea. Akanywa. Alirudi nyumbani akajificha nyuma ya choo kwa aibu. Ruthi alimkuta huko. Hasira zikampanda, akaenda kwa Beatrisi.

"Dada, kazi yote imepotea!"

"Malaria ikimrudia Brightness, utamfukuza?"

"Hapana. Nitampeleka akatibiwe."

"Basi na baba yake vilevile. Kuanguka si mwisho. Kubaki chini ndiyo hatari. Kliniki iko wazi leo."

Nehemia alikwenda siku ile ile, kichwa chini. Mshauri hakumgombeza. Alimuuliza tu nini kilimvuta, na safari nyingine atafanya nini.

"Nitashangilia na binti yangu nyumbani," Nehemia akajibu. "Kelele zangu zinatosha."

Tangu hapo hajanywa tena. Kila wiki huenda kwenye kikundi cha watu walioacha pombe na dawa za kulevya. Mikono yake imetulia. Wateja wamerudi kibandani. Tatizo limebaki moja: hamu ya kula. Ruthi anakificha kitumbua cha Brightness juu ya kabati.

Mwezi uliopita walikwenda Muheza kwenye harusi ya mdogo wake Ruthi. Ngoma ilikolea. Baba mdogo wa Ruthi, mzee Alexander, akapita kati ya wageni na jagi la pombe. Akamfikia Nehemia.

"Mkwe, leo ni leo! Glasi moja tu haidhuru."

Ruthi alisimama alipokuwa, sahani mkononi.

Nehemia akaifunika glasi kwa kiganja. Akatabasamu.

"Asante, baba mdogo. Nina ugonjwa wangu, umelala. Nakuomba usiuamshe."

 Mzee Alexander akaliweka jagi chini ya meza, akamwita mhudumu.

"Mletee mkwe wangu soda. Ya baridi! Na mimi pia."