Wanaoachwa Bukal

Mjukuu wangu alikuwa hana maziwa, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Binti yangu Jovelyn alikuwa amejifungua juzijuzi tu, kifua kikavu kabisa, na mtoto, Renzo, alikuwa bado hajabatizwa. Basi jua lilipoanza kuzama nikaaga msibani kwa binamu yangu Ofelia, nikanunua kopo la maziwa njiani, nikapanda treni ya kurudi kwetu.

Sasa, kwetu ukitoka kwenye maiti huendi nyumbani moja kwa moja. Unapitia mahali, dukani, kwa mwoka mikate, popote, unakaa kidogo ili aliyekufuata abaki hapo. Tunaita pagpag, kujikung'uta. Na Ofelia, Mungu amrehemu, ndiye mtu ambaye sikutaka anifuate hata hatua moja. Mimba zake zote ziliharibika. Alikufa na sanduku la nguo za kichanga chini ya kitanda. Na nyumbani kwangu kuna kichanga. Umenielewa?

Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na mimi kulowa sipendi. Nikasema nitashuka kituo kimoja kabla ya changu, nikae kwenye benchi, nipande treni inayofuata. Kwani nani kasema lazima iwe kwa mwoka mikate? Nilijiona mjanja sana.

Nikashuka Bukal.

Milango ikajifunga nyuma yangu. Treni ilipoanza kusogea nikatupa jicho dirishani. Pale nilipokuwa nimekaa, palikuwa na mwanamke. Blauzi ya njano. Kibanio chekundu nyuma ya kichwa...

Nikajishika nywele. Kibanio changu kilikuwepo. Nikaitazama blauzi yangu. Ya njano.

Nikajiambia, Pacita, umekesha na maiti, macho yamechoka. Nikaenda kukaa.

Bukal ni kituo cha pembezoni, jioni huwa na watu wa kuhesabu. Siku ile mabenchi yalikuwa yamejaa. Hakuna aliyeshika simu. Hakuna aliyepiga miayo. Na harufu... nta ya mishumaa, maua meupe yaliyoanza kuoza, kahawa iliyochemshwa mara nyingi. Harufu ya msibani, ile ile niliyokuwa nimetoka kuiacha.

Treni ikaja. Ikasimama. Milango ya mbele ikafunguka, ya nyuma ikafunguka. Nilipoukimbilia mmoja, ukajifunga usoni pangu. Nikapiga kioo kwa kiganja, na mle ndani hakuna aliyeinua kichwa. Ikaondoka. Kwenye mabenchi hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama kutaka kupanda.

Bibi mmoja akanisogelea. Alivaa nguo nzuri ya kanisani, na miguu peku. Nikaangalia wengine. Wote peku.

Sisi wafu huwavua viatu kabla ya kuwazika, wasisikike wakitembea.

"Nani kakuacha?" akaninong'oneza.

"Hakuna aliyeniacha, bibi. Nasubiri treni."

"Mimi kaniacha mwanangu. Alikaa hapa kidogo tu, akapanda inayofuata." Akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Wote wanaotoka misibani wanashukia hapa siku hizi. Hawataki kulowa."

Kumbe ujanja wangu ulikuwa ujanja wa parokia nzima, na wote tulikuwa tunawamwaga wafu wetu kwenye benchi moja.

Nikashuka ngazi mbio hadi kwenye geti. Nikagusisha kadi. Taa nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Kioo kidogo cha mashine kikaandika kwamba kadi hii imeshatoka, kwenye kituo changu cha nyumbani. Mlinzi alikuwa hapo hapo ng'ambo ya geti, akichokonoa meno. Nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka. Alichofanya ni kujikunyata kama mtu aliyepitiwa na baridi, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kusimama mbali.

Nikaogopa. Nasema kweli. Nikatoa simu, nikampigia Jovelyn.

Akapokea kwa sauti ya chini. "Mama? Mbona unanipigia na uko chumbani?"

"Nani yuko chumbani?"

"Si ni wewe? Umembeba Renzo."

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

"Mwangalie miguuni," nikamwambia. "Ana viatu?"

Nikasikia akitembea, kisha akirudi.

"Mama, humu ndani nani anavaa viatu?"

Kweli. Nikakumbuka alipokuwa mdogo, tukitoka mtoni. Mtoto akitoka mahali unamwita jina, unamwambia twende nyumbani, ili roho yake isibaki nyuma. Kila mama kwetu anafanya hivyo. Mtu mzima hakuna anayemwita.

"Jovelyn, toka mlangoni uniite. Nilivyokuwa nikikuita mtoni."

"Mama, unanitisha..."

"Niite, mwanangu. Nakuomba."

Nikasikia mlango. Nikasikia mvua ya kwetu. Kisha sauti yake, inakatika kwa kilio: "Mama Pacita, twende nyumbani. Twende. Usibaki."

Juu, treni ikaingia. Nikapanda ngazi nikikimbia, na safari hii mlango ulinisubiri. Mabenchi yote yaligeuka kunitazama. Yule bibi alinishika sketi, akaanza kunitajia jina la mwanawe nikampelekee salamu. Nikajinasua. Jina sikulisikia lote.

Nilimkuta Jovelyn kizingitini, amelowa chapachapa. Hakunikumbatia. Tuliingia chumbani pamoja. Dirisha lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Renzo alikuwa amelala kitandani kwangu, amefungwa nguo kwa namna ambayo sisi hatufungi. Tumbo limejaa. Midomoni ana maziwa, na kopo nililonunua bado ninalo, halijafunguliwa.

Jumapili tulimbatiza. Padri alinyunyiza maji nyumba nzima, akanisikiliza vizuri, hakunicheka.

Lakini Jovelyn haniachi peke yangu na mtoto. Simlaumu. Mama wawili waliingia nyumbani jioni ile, na hakumwona hata mmoja akitoka. Chakula nikipika mimi, anangoja nianze kula. Nikilala mchana, nikifumbua macho namkuta amesimama ananitazama.

Na Renzo kila jioni analia. Nikimchukua mimi, anazidi. Jovelyn anakuja anasimama mlangoni, anasema kwa upole kabisa, "Mwimbie wimbo ule wa siku ile, Mama. Ule alionyamaza nao."

Mimi nimeimba nyimbo zote ninazozijua. Kila wimbo Jovelyn anausikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, anakuja kunichukua mtoto mikononi.