Upenyo wa Kidole Kimoja

Kila Jumamosi huwa naosha gari la baba, yeye akiwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai, akinionyesha nilipobakiza matope. Jumamosi ile sikuosha. Kaka yangu alikuwa ameng'oa taa zote mbili za mbele na kuziweka ndani ya oveni ya mama.

Hakuwa amerukwa na akili. Kioo cha taa hushikiliwa na gundi ngumu, na joto kidogo huilainisha hadi kioo kikatoka. Kaka alitaka kuipaka fremu ya ndani rangi nyeusi ili gari letu kuukuu lipate sura. Baba alimruhusu kwa sababu Jumatatu kaka angeanza kujifunza ufundi katika gereji ya rafiki wa baba, naye baba alitaka kumpima kwanza.

Mimi nilikabidhiwa gundi mpya. Kazi yangu ilikuwa kuizungusha ukingoni mwa taa, kisha kaka abandike kioo. Basi kutwa nzima alinisimanga. Mara nina mikono ya mbao, mara hata paka angemaliza mapema. Nina miaka kumi na mitatu, naambiwa hayo mbele ya rafiki zake waliokuja kutazama! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Kwenye taa ya pili, upande wa chini usioonekana, niliacha upenyo wa kidole kimoja bila gundi, makusudi kabisa. Tuone sasa nani ana mikono ya mbao, nilijiambia. Kaka akabandika kioo bila kukagua.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alitoka na gari kungali giza, akarudi ametota. Taa moja ilikuwa imeingia maji, ikazimika njiani. Alikuwa amebakiza hatua mbili tu amgonge mwendesha baiskeli aliyempakia mtoto nyuma.

"Gereji usahau," alimwambia kaka. "Asiyeweza kuziba taa hatagusa breki za watu."

Kaka alikuwa ameshavaa ovaroli yake mpya. Alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Siku mbili nzima nilikuwa nikingoja agombezwe, na sasa nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

"Baba, ni mimi," nilisema. "Niliacha upenyo makusudi."

Kaka alifoka, akaniita majina ambayo mama alimkataza kuyarudia. Baba akamnyamazisha, akamuuliza ni fundi gani anayefunga kazi bila kuikagua, tena anayemtukana msaidizi wake kutwa. Kisha akatuweka mezani sote wawili na ile taa. Tuliifungua upya bila kusemeshana. Nilizungusha gundi, kaka akakagua ukingo wote, na ilipokauka baba akaimwagia ndoo nzima ya maji. Halikuingia hata tone.

"Nenda gereji, umeshachelewa," baba alimwambia. Kisha akanigeukia, uso bado ameukunja.

"Kukasirika si kosa. Kaka yako alikuonea, ungekuja kuniambia. Lakini hasira ukiificha ndani ya kazi, huwezi kuchagua itampata nani. Yule mtoto wa kwenye baiskeli alikukosea nini?"

Nilichukua ndoo ileile, nikaenda kuosha matope ya gari.