Trauti wa Nkirote

Sogeeni karibu, watoto. Tunapanda mlimani, na huko juu kuna baridi.

Huyu ni Nkirote. Ana miaka saba na koti jekundu. Yule anayetembea haraka mbele yake ni babu yake.

Leo wanakwenda mbugani kuvua trauti, samaki wa maji baridi.

"Leteni samaki," Bibi aliwaambia asubuhi. "Mimi leo napika ugali tu."

Mto ulipita katikati ya mianzi. Shwaa, shwaa, shwaa.

Kando ya mto palikuwa na kibao. Babu alisimama mbele yake. Akakohoa kama mwalimu mkuu, akasoma kwa sauti kubwa.

"Moja. Usitumie wavu. Mbili. Usitumie minyoo, tumia nzi wa manyoya. Tatu. Samaki mfupi kuliko rula arudishwe mtoni."

"Babu, bado kuna nne na tano," Nkirote alisema.

"Hizo nazijua," alisema Babu. "Mimi najua sheria zote za mto huu. Na sheria ni sheria!"

Nkirote akafunga kwenye uzi nzi wake wa manyoya, yule wa bandia anayeficha ndoana. Akarusha uzi. Fyuu!

Akangoja. Shwaa, shwaa, shwaa.

Uzi ukavutwa! Nkirote akavuta, akavuta, akavuta. Akatoka trauti mwenye madoadoa mazuri.

Babu akatoa rula mfukoni. Akampima samaki. "Mfupi," alisema.

"Mfupi kidogo tu, Babu!"

"Sheria ni sheria," alisema Babu.

Chubwi! Samaki akarudi mtoni. Nkirote akauma mdomo wake ili asilie.

Kisha Babu naye akarusha uzi wake. Fyuu! Mara uzi ukakaza, fimbo yake ya kuvulia ikapinda. Loo! Akatoka trauti mkubwa, mnene, mrefu kuliko rula!

"Unaona?" Babu alisema. "Hivi ndivyo wanavyovua watu wanaojua."

Hapo hapo akatokea askari wa mbuga. Jina lake Afande Karimi. Viatu vyake vilikuwa na matope, na uso wake ulikuwa mpole.

"Shikamoo, Mzee. Samaki mzuri huyo. Naomba kuona kibali cha kuvua."

"Marahaba. Kibali?" Babu aliuliza.

"Ni sheria ya nne, Mzee. Iko pale kwenye kibao."

Babu akapapasa mfuko wa kulia. Akapapasa mfuko wa kushoto. Akavua kofia, akatazama ndani. Hakuna kitu.

"Kiko kwenye lile koti langu jingine," alisema kwa sauti ndogo. "Na lile koti Bibi amelifua."

"Pole sana, Mzee."

"Lakini Afande, mimi nilianza kuvua hapa wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo, Mzee. Sasa samaki."

Babu akamtazama samaki. Samaki akamtazama Babu.

Nkirote akamshika babu yake mkono. "Babu," alimwambia polepole, "sheria ni sheria."

Chubwi!

Basi wakabaki hivyo, bila samaki hata mmoja. Nkirote akawaza ule ugali mtupu. Akakitazama tena kibao. Mwaka huu amejifunza kusoma, kwa hiyo akasoma taratibu.

"Ta-no. Wa-to-to... Watoto wanaweza kuvua bila kibali, wakiwa na mtu mzima."

"Kweli kabisa," alisema Afande Karimi. "Wewe vua tu, mama. Ila Babu asiguse fimbo."

"Hata kidogo?" Babu aliuliza.

"Hata kidogo."

Babu akaweka mikono nyuma. Lakini mdomo haukuwekwa nyuma.

"Rusha kulia! Hapana, kushoto! Rusha pale kwenye jiwe! Si jiwe hilo!"

Samaki wote wakakimbia.

"Babu," alisema Nkirote, "naomba unyamaze."

Babu akafunga mdomo. Mashavu yake yakavimba, lakini alinyamaza.

Fyuu! Shwaa, shwaa, shwaa.

Uzi ukavutwa. Nkirote akavuta, akateleza, akakaa chini kwenye matope. Hakuachia! Akavuta tena. Puu! Trauti akaanguka majanini.

Babu akampima mara moja. Akampima mara ya pili. Akampima mara ya tatu.

"Amepita rula," alinong'ona. "Amepita kwa kidole kizima!"

Jioni, samaki akaingia kwenye kikaango. Chwaaa! Nyumba nzima ikanukia.

"Nani amemvua huyu?" Bibi aliuliza.

Babu akatazama juu kwenye dari. "Tumemvua," alisema.

"Tumemvua? Nkirote alifanya nini?"

"Alirusha uzi. Akavuta. Akamtoa."

"Na wewe je?"

Babu akafikiri sana. "Mimi nilinyamaza."

"Wewe?" alisema Bibi. "Ulinyamaza?"

Bibi akacheka. Akacheka hadi mwiko ukamponyoka.

Nkirote alikula akashiba, akalala. Na jikoni, Bibi alikuwa bado anacheka.