Mchezaji Pancha

Lifti ilikuwa imekufa tena. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ngazi za jengo lile la Jeppe, katikati ya Johannesburg, zilijaa watu kama mlango wa msikiti siku ya Idi. Wanawake walipanda na marobota ya mablanketi kichwani, vijana wa Kihabeshi wakashuka na makatoni ya viatu, na kwaya ya kanisa la ghorofa ya pili ikawaimbia wote bila kubagua. Ummi, ambaye kazi yake ni kupamba kumbi, alikuwa anafuata vitambaa vya harusi. Alivaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau na raba nyeupe, maana Jeppe si mahali pa kisigino. Alipokaribia ghorofa ya tatu akakuta njia imezibwa na mwanamume.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mpana kama kabati, mguu mmoja kaunyoosha mbele ndani ya vyuma vilivyoanzia pajani hadi chini ya goti. Magongo yake yaliegemea ukutani. Shati lake la bluu lililofuliwa na kupigwa pasi vizuri lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Samahani kaka, naomba njia."

"Hata mimi naiomba, dada," akajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kizulu. "Kupanda siwezi tena. Kushuka naogopa."

Ummi akajizuia kucheka. "Ulikuwa unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kwa fundi, ghorofa ya tano. Dada yangu anaolewa, anataka nivae kanzu. Za dukani hazinienei."

"Dada yako nani?"

"Nusaiba, wa Rosettenville."

Hapo kicheko kikamtoka. Harusi ya Nusaiba ndiyo aliyokuwa anakwenda kuinunulia vitambaa. "Kumbe wewe ndiye Suhaib, yule wa Amerika. Walisema unacheza mpira. Hawakusema unauchezea ngazini."

"Eish," alisema Suhaib, akajifuta jasho. "Na wewe hujanihurumia hata kidogo."

Ummi alikuwa na tepu ya kupimia kwenye mkoba. Akamwambia anyooshe mkono. Pale pale, watu wakiwapita na mizigo, akampima mabega, kifua na shingo, vidole vyake vikiikamata tepu kwa uangalifu ili visimguse. Suhaib alitulia kama mtoto anayenyolewa. Alinukia dawa ya kuchulia misuli, na chini yake udi wa mbali. Ummi akaviandika vipimo kwenye simu, akapanda navyo kwa fundi. Aliposhuka bado alikuwa pale.

"Sasa wewe unavijua vipimo vyangu vyote," Suhaib akamwambia, "na mimi hata namba yako sina. Hiyo ni haki?"

Akampa.

Suhaib aliletwa Afrika Kusini kutoka Tanga akiwa mdogo, na mama yake. Shuleni alicheza raga, na Wamarekani waliokuwa wanazunguka kutafuta vijana wakubwa wenye mbio wakamwona. Wakamchukua, wakamfundisha mpira wao, ule wa kuvaa helmeti, na klabu moja ya kaskazini ikampa mkataba. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira na kukimbia nao kuelekea kwa watu wanaolipwa kumwangusha. Aliifanya vizuri sana kila alipokuwa mzima, na mzima hakuwa mara nyingi. Mwaka wa kwanza bega lilichomoka. Mwaka wa pili mbavu, halafu msuli wa nyuma ya paja. Sasa goti. Watangazaji wa kule walimwita mtu wa kioo. Watanzania wa Johannesburg walichukua neno walilozoea kwenye soka la nyumbani: pancha. Ukiingia naye duka la Rosettenville utasikia, "Pancha, umerudi gereji?" Naye anacheka nao.

Mama yake alifariki Suhaib akiwa kambini Amerika, na mazishi hayakumngoja. Hilo alimwambia Ummi jioni moja kwenye gari, mbele ya nyumba ya Karimu, kaka yake Ummi. Hakulia. Alikuwa anageuza geuza funguo mkononi.

"Lakini kwa nini wewe tu?" Ummi alimwuliza siku hiyo. "Wenzako wanacheza miaka kumi."

"Daktari wa klabu anasema ni bahati mbaya. Kocha anasema sijui kuanguka. Nusaiba anasema jicho baya."

"Na wewe unasemaje, mpenzi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Suhaib akaacha kuzigeuza funguo.

"Nasema nimechoka kuulizwa," akajibu taratibu. "Ila wewe uliza tu."

Goti lilipona. Harusi ya Nusaiba ilifana, na Suhaib, ndani ya kanzu iliyomkaa sawasawa, aliwafanya akina mama wa Tanga wamwulize Ummi maswali yasiyokuwa na aibu. Mwezi wa saba akaondoka. Kila siku walipigiana simu. Yeye alimwonyesha bafu la barafu wanamoloweshwa baada ya mazoezi, Ummi akamwonyesha maua ya plastiki na viti vya maharusi.

"Umekula, mama watoto?"

"Watoto gani, Suhaib? Mahari hujaleta, watoto umeshahesabu."

"Nakuja kuleta. Nimalize msimu huu mzima mzima, hata mmoja tu, halafu nakuja."

Jumapili, baada ya swala ya magharibi, Ummi alikaa sebuleni kwa Karimu mbele ya televisheni. Sheria za mchezo hakuzielewa. Alimtafuta tu yeye, na kila alipoinuka kutoka chini ya lundo la watu, Ummi aliachia pumzi. Mechi za mwanzo aliinuka kila mara. Karimu akaanza kusema huenda pancha imezibwa.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi Suhaib alipokea mpira pembeni, akageuka, na watu wawili wakamfikia kwa pamoja kutoka pande mbili. Kichwa chake kikapiga chini kabla ya mwili. Mkono wake mmoja ukabaki umeinuka hewani, umekakamaa, kama wa mtu anayetaka kuuliza kitu. Wachezaji wakapiga magoti. Halafu picha ikakatika, likaja tangazo la piza.

Jibini ikavutika. Familia ikacheka mezani. Baada ya piza likaja gari la kubebea mizigo, likipanda mlima wenye theluji. Ummi alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kaikunja kifuani.

"Waambie warudishe," alimwambia kaka yake.

"Nimwambie nani, Ummi?" Karimu aliuliza kwa upole.

Picha iliporudi, kitanda cha magurudumu kilikuwa kinaingizwa chini ya majukwaa na mchezo unaendelea. Ummi alipiga simu mpaka betri ikaisha. Nusaiba naye alikuwa anapiga, naye hapati. Kesho yake klabu ilitangaza kwamba mchezaji yuko hospitali na hali yake inafuatiliwa. Ummi alikwenda kazini, akafunga mapazia ya ukumbi kinyume, akayafungua, akayafunga tena. Alitaka apande ndege, na viza hakuwa nayo. Alitaka aongee na daktari, na kwa daktari yeye hakuwa mtu yeyote.

Siku ya tatu simu ikapokelewa.

"Suhaib? Suhaib, mpenzi wangu?"

"Shikamoo mama," sauti yake ikasema, nzito, ya taratibu. "Nimekula mama. Usiwe na wasiwasi."

"Mama nani? Ni mimi."

"Nimekula. Nitakuja, mama."

Nyuma yake ikasikika sauti laini ya mwanamke ikisema kwa Kiingereza: inatosha mpenzi, weka simu, urudi kulala. Simu ikakatika.

Ummi alikaa chini. Mbinu ile aliijua, na mwanamke gani haijui? Mwanamume akipigiwa simu naye yuko na mwingine, humwita mpigaji mama, au bosi, au fundi. Lakini huyu mama yake yuko kaburini. Amemtoa marehemu udongoni akamfanya pazia. Akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma, kisha akaifungia namba ya Suhaib isimpigie tena. Nusaiba alipompigia, akamwambia kwa adabu kwamba yeye na Suhaib hawana tena la kuongea, na asimtajie habari zake.

Msimu ukaisha. Akasikia kwa watu kwamba klabu imemwacha na amerudi, anakaa kwa Nusaiba huko Midrand, alikohamia baada ya kuolewa. Hakwenda.

Nusaiba akaja mwenyewe. Alimkuta ukumbini anachomeka maua, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja. Siku ile ya tatu, aliposhika simu yako, alikuambia nini?"

"Da Nusaiba, nilikuomba tusiongee hayo."

"Alikuita mama?"

Mikono ya Ummi ikasimama.

"Nilijua," Nusaiba akasema. "Jioni ile aliniambia, nimeongea na mama. Mimi nikadhani ameota. Juzi ndiyo nimeiona simu yake. Siku ile, jina lako, dakika moja. Unajua sisi nyumbani tulimwitaje mama yetu? Ummi. Tulilitoa madrasa. Kichwa kilikuwa kimemrudisha nyuma, mwaka haujui, mji haujui. Akaona kwenye simu Ummi anapiga. Muuguzi alinisimulia kwamba alifurahi mpaka machozi, ikabidi ambembeleze alale. Wale wanaita kila mgonjwa mpenzi, hata vizee."

Ummi akaliweka chini ua aliloshika.

"Kesho yake akaniuliza mbona mama hapigi tena. Ikabidi nimwambie. Nilimzika mama mara ya pili, Ummi, kwa simu." Nusaiba akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yeye hiyo simu haikumbuki. Anachojua ni kwamba alipopata akili akakupigia, na wewe umemfungia. Anasema umechoka na pancha. Anasema una haki."

Walikwenda Midrand pamoja. Suhaib alikuwa kwenye kochi, mapazia yamefungwa mchana, miwani ya jua usoni, maana mwanga ulimuumiza kichwa. Alikuwa amekonda, na fulana ilimning'inia mabegani. Ummi akapiga magoti kwenye zulia.

"Unanijua mimi nani?"

"Mwanamke wa ngazini," Suhaib akasema. "Asiye na huruma."

Ummi akamweleza yote, bila kujipamba. Suhaib alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Alisemaje?" akauliza mwishowe. "Mama. Yaani wewe. Ulinijibu nini?"

"Nilikuuliza, mama nani."

Suhaib akatikisa kichwa polepole, kisha akaunyoosha mkono wake, na Ummi akaushika kwa mikono miwili. Nusaiba akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Taratibu akaizoea tena nuru. Mapazia yakafunguliwa, miwani ikavuliwa, maumivu ya kichwa yakapungua. Akaanza kutembea, halafu kukimbia taratibu mitaani Midrand, na jioni akamtania Ummi kwenye simu kama zamani. Ndipo wakala wake akapiga kutoka Amerika. Klabu nyingine ilikuwa imeumiziwa wachezaji wengi na inatafuta mtu wa bei nafuu. Wanataka video yake akikimbia. Daktari wa Johannesburg alikwisha kusema kwamba kichwa kile hakina dhamana: kinaweza kustahimili pigo jingine, na kinaweza kisistahimili, kipimo hakisemi.

"Niambie nisiende," Suhaib alimwambia Ummi.

"Nikikuambia, utabaki?"

"Nitabaki."

"Na moyo wako?"

Suhaib akainama kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo Ummi hakumwambia. Alimweleza Mungu peke yake, kila alfajiri, kwamba amzuie bila kumuumiza. Hakujua njia nyingine, zaidi ya kuumia, ambayo Mungu angeitumia, na akiinuka kwenye mswala alijiona mchawi.

Uwanja ulikuwa wa shule, karibu na barabara kuu iendayo Pretoria. Suhaib alivaa kaptura nyeusi na viatu vya njumu vipya. Mussa, mume wa Nusaiba, aliwashusha akaenda kutafuta mafuta ya gari. Ummi alishika simu.

"Nikipunga mkono, rekodi."

Akapunga. Ummi hakuwahi kumwona akikimbia hivi, karibu, bila helmeti, bila mtu wa kumwangusha. Mtu mzito kama yule alipita juu ya majani bila kishindo. Alipogeuka kona mwili wote uliinama kama mti mwembamba, ukanyooka tena, na usoni alikuwa na furaha ambayo yeye Ummi hakuwahi kumpa. Akaelewa. Akajutia dua zake zote.

Mzunguko wa tatu ukasikika mlio, kama ufito uliovunjwa. Suhaib alisimama, akageuka nyuma haraka kuona nani amempiga teke. Hapakuwa na mtu. Akatazama chini, akaketi kwenye majani.

Ummi alimfikia anahema. Mshipa wa juu ya kisigino ulikuwa umekatika. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali ulipotakiwa kuwa.

"Zima simu," Suhaib akasema.

Akaizima. Suhaib akamtazama usoni.

"Umefurahi."

Angeweza kukataa.

"Nimefurahi," Ummi akasema, machozi yakimtoka. "Na naumia. Vyote viwili. Nisamehe."

Suhaib akalala chali, akajifunika uso kwa kiganja. Kifua chake kikapanda na kushuka bila sauti. Ummi akakaa karibu naye.

"Sijui kazi nyingine," akasema baadaye. "Tangu shule nakimbia."

"Najua."

"Nijibu kitu cha maana basi, Ummi."

"Sina, Suhaib. Ningekuwa nacho ningekupa."

Akaondoa kiganja. "Nikija kwa Karimu kuposa, ataniuliza nafanya nini."

"Ataniuliza na mimi."

"Tutamwambiaje?"

"Tutamwambia hatujui."

"Na wewe utaolewa na mtu asiyejua?"

"Nitaolewa naye. Ila siku utakayonichukia kwa ajili ya leo, uniambie. Usininyamazie."

Suhaib akang'oa jani moja. "Nakuchukia kidogo sasa hivi."

"Sasa hivi ruksa."

Midomo yake ikacheza, kikatoka kitu ambacho kilikuwa nusu kicheko. Akampa mkono. Ummi akajaribu kumwinua, akashika chini ya kwapa, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka raba zikateleza. Hakumsogeza hata kidogo. Akampigia Mussa, akaambiwa kuna foleni. Jua lilikuwa limepanda na linampiga Suhaib machoni. Ummi akazunguka upande wa pili, akaketi pale ambapo kivuli chake kilimwangukia usoni, wakalingoja gari.